Gitaa la mwalimu wangu, au nitengenezewe langu?

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Nina miaka 34, nina mke na watoto wawili, naishi Chikongola, Mtwara Mjini. Napiga gitaa la solo kwenye kwaya ya kanisani, na msimu wa korosho ukifika napata kazi za harusi. Shamba letu la korosho liko Nanguruwe. Safari hii malipo yalipoingia tukalipa madeni na ada za watoto, zikabaki shilingi 3,900,000. Mke wangu amesema nichukue zote ninunue gitaa, maana nimelisema tangu tuoane.

Ninalotumia sasa ni la bei rahisi, halina hata jina. Kanisani tunachomeka moja kwa moja kwenye miksa na sauti yake ni nyembamba mno. Halikai kwenye tyuni. Uzi wa tatu ndio msumbufu zaidi, nikiukaza unalia "ting" halafu unaruka juu. Kodi ya F (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) kwenye freti ya kwanza, kile chuma cha kwanza kilichokatiza shingo, inaniumiza mkono, nadhani kwa sababu vidole vyangu ni vifupi.

Kuna karakana moja ya nje inayotengeneza magitaa ya umeme kwa oda. Wamenitumia fomu ndefu ya kujaza: mbao gani, shingo iwe na unene gani, nyuzi ziwe na urefu gani, pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) za aina gani. Ninataka kiwiliwili cha mninga na ubao wa freti wa mpingo, mbao za kwetu, nipate sauti nzito. Nyuzi nataka zile fupi za milimita 629. Bei ni sawa na shilingi 3,600,000 bila usafiri. Nusu inalipwa mwanzo na hairudishwi, kisha nasubiri miezi saba.

La pili ni gitaa la mzee aliyenifundisha, yuko Lindi. Ugonjwa wa viungo umemkakamaza vidole, hapigi tena. Ni gitaa la umeme la Fender, aina ya Stratocaster, lililotengenezwa Mexico, namba yake inaanza na MZ5. Anataka 1,300,000, na amesema hatamuuzia mtu mwingine mpaka nimpe jibu. Nimeliona kwa karibu: skrubu za daraja, pale nyuzi zinapokalia kwenye kiwiliwili, zina kutu, na ukizungusha volyumu linakwaruza.

Sasa Mshauri, kinachonitesa ni hiki. Mzee huyu hakuwahi kunitoza hata senti. Nikianza kufungua skrubu na kupima freti mbele yake ataona simwamini. Nikilikagua halafu nikalikataa, itakuwa vibaya zaidi. Nikilichukua bila kukagua kisha nikalikuta bovu, nitanung'unika moyoni kila nikilishika. Wakati mwingine nawaza nilipe ile oda haraka ili nimwambie, "Samahani Mwalimu, nimeshalipa kwingine." Lakini nafsi inanisuta. Nifanyeje?

Msomaji wenu, Chikongola

JIBU

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa mnada uliokuachia kitu mkononi. Mpe pia salamu mama watoto. Si kila nyumba mtu anaambiwa achukue fedha za korosho akanunue gitaa.

Nikikuelewa vizuri, fedha ipo na ruhusa ipo. Una gitaa mbele yako ambalo unaogopa kulikagua kwa sababu ya mwenye nalo, na una oda ambayo kidogo inakuvutia kwa sababu itakuepusha na mazungumzo hayo. Heshima uliyonayo kwa mzee ni ya kweli na sitaki uipunguze. Ila naomba tuitazame hiyo dhana kwamba kukagua ni kumtilia shaka. Ni yeye aliyesema hivyo, au ni wewe uliyemsemea? Mtu aliyepiga miaka yote hiyo anajua kuliko wewe kwamba freti huisha na waya hukatika. Huenda yeye mwenyewe anajua shingo ya gitaa lake imechokea wapi, na hakuna aliyemwuliza.

Unaweza kumwambia, "Mwalimu, naomba tulikague pamoja, unionyeshe lilipochoka ili nijue kulitunza." Hapo wewe bado ni mwanafunzi na yeye bado ni mwalimu. Hatari ipo pia, nisikufiche. Kama anauza kwa sababu ya gharama za matibabu, kila kasoro mtakayoikuta ataisikia kama shilingi zinazopungua. Ikiwa unahisi ndivyo ilivyo, tenganisha mambo mawili: msaada wako kwa mwalimu wako unaweza kwenda kwa njia yake, bila kupitia bei ya gitaa. Ukivichanganya, utalipa zaidi ya thamani na bado hutajua ulinunua nini.

Kabla hatujafika kwenye magitaa hayo mawili, turudi kwenye hilo ulilonalo, kwa sababu malalamiko yako matatu huenda hayatoki unakodhani.

Sauti nyembamba kwanza. Pikapu ya gitaa inataka kuingia kwenye kifaa chenye ukinzani mkubwa, wa megaohimu 1 hivi. Tundu la kawaida la miksa lina kilo-ohimu kumi au ishirini tu, kwa hiyo linaifyonza sauti: ncha za juu zinafifia na nguvu inapungua. Gitaa la milioni nne ukilichomeka kwenye tundu lilelile litafifia vilevile. Azima kiboksi cha DI, kile kinachokaa kati ya gitaa na miksa, chenye saketi inayotumia umeme au betri, au angalia kama miksa yenu ina kitufe cha "Hi-Z", yaani ukinzani mkubwa, au pitia kwenye amplifaya ya gitaa. Sikiliza ibada moja nzima kabla hujailaumu mbao.

Huo mlio wa "ting" unatoka kwenye ule mfupa mdogo wenye mifereji sita pale kichwani. Mfereji wa uzi wa tatu umebana: uzi unakwama, kisha unaachia ghafla na kupitiliza. Fundi huutanua kwa tupa nyembamba. Wewe mwenyewe unaweza kuanza kwa kusugua ncha ya penseli ndani ya mfereji, kwani risasi ya penseli hulainisha. Angalia pia umezungusha nyuzi vizuri kwenye vifunguo, mizunguko miwili au mitatu inayoshuka chini bila kupandana.

Kodi ya F ndiyo yenye siri zaidi. Bana uzi kwenye freti ya tatu, kisha tazama nafasi kati ya uzi huo na freti ya kwanza. Inatakiwa iwe ndogo sana, karibu unene wa karatasi moja ya fotokopi, yaani milimita 0.1, au zaidi kidogo kwa nyuzi nene. Ukiona nafasi kubwa, basi ule mfupa uko juu, na F ingemuumiza hata mwenye vidole virefu. Magitaa ya bei rahisi mengi hutoka kiwandani hivyo. Wengine hupima kwa kufunga kapo, kile kibanio cha nyuzi, freti ya kwanza, lakini kapo inakushushia nyuzi na kukufupishia shingo kwa pamoja, kwa hiyo haikwambii ni kipi kilichokusaidia.

Na ufupi wenyewe una kiasi gani? Kwenye gitaa la milimita 648, ambao ndio urefu wa Stratocaster, freti ya kwanza iko milimita 36.4 kutoka kwenye mfupa. Kwenye la 629 iko milimita 35.3. Tofauti ni milimita moja. Mpaka freti ya nne inafika kama milimita nne, ambazo kidole kidogo kinaweza kuzihisi. Si kitu cha kudharau, ila si kitu cha kulipia nusu isiyorudishwa kabla hujakishika mkononi. Mtafute mpigaji yeyote Mtwara au Masasi mwenye gitaa la urefu huo, ulipige saa moja.

Sasa la mzee. MZ ni Mexico miaka ya 2000, na hiyo 5 ni mwaka 2005. Magitaa hayo hutoka kiwanda cha Fender cha Ensenada, na la wakati huo kwa kawaida lina freti 21 na mfupa wa upana wa milimita 42. Namba iko kichwani, na shingo imeshikiliwa na skrubu nne tu, kwa hiyo inakupa habari ya shingo. Kiwiliwili kinaweza kuwa cha gitaa jingine. Mwulize mzee kama liliwahi kubadilishwa chochote.

Anza na shingo, maana ikiwa mbovu mengine hayana maana. Bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, uangalie katikati, kwenye freti ya saba au ya nane. Karatasi mbili au tatu za fotokopi zipite kati ya uzi na freti, yaani milimita 0.2 hadi 0.3. Uzi ukilala juu ya freti, shingo imenyooka mno au imepinda kinyumenyume. Nafasi ikizidi sana, imevutwa mbele. Vyote viwili hurekebishwa na fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, ilimradi nati yake inazunguka. Hapa ndipo penye hofu yangu kwa gitaa lililoishi Lindi karibu na bahari: hewa ya chumvi huishika nati hiyo kwa kutu. Mwombe mzee akuruhusu uijaribu robo mzunguko tu, kwa ufunguo wa alen unaokaa sawasawa, kwanza kulegeza, kisha kuirudisha. Ikigoma usiitumie nguvu. Fimbo iliyokatika ndani ya shingo ni kazi ya kununua shingo nyingine.

Kisha freti. Tazama chini ya uzi wa kwanza, wa pili na wa tatu, kuanzia freti ya kwanza hadi ya tano. Vishimo vidogo ni kawaida na husawazishwa kwa kusugua. Lakini freti mpya ina kimo cha milimita 1 na kidogo, na ikishafika 0.6 hakuna tena cha kusugua, zinabadilishwa. Fundi wa kazi hiyo hapatikani kila mji, huenda gitaa likasafiri hadi Dar es Salaam. Wewe mpiga solo unakaa juu, basi piga kila uzi kwenye kila freti kuanzia ya 12 hadi ya 21, polepole, na uzi wa kwanza uvute kwenda juu ukiwa freti ya 15. Sauti ikikatika katikati ya mvuto, kuna freti iliyoinuka au nyuzi zimeshushwa mno. Kwenye freti ya 17 nyuzi zikiwa juu kwa milimita 1.6 uko mahali pazuri pa kuanzia.

Skrubu za daraja ulizoziona na kutu zisikutishe kwa kuzitazama tu. Suala ni kama zinageuka. Kila kitandiko cha uzi kina vijiskrubu viwili vya kimo na skrubu moja ndefu ya kukisogeza mbele na nyuma. Chukua tyuna: piga uzi kwenye freti ya 12 kwa kuugusa tu bila kuubana, halafu ubane hapohapo. Noti zilingane. Ukiubana ikapanda, kitandiko kinatakiwa kirudi nyuma. Ikishuka, kije mbele. Skrubu ikiwa imegandana hutaweza kurekebisha, na gitaa litapiga kodi za juu kama halina tyuni hata likiwa nayo. Tone la mafuta ya kulegezea kutu na kusubiri usiku mmoja huokoa nyingi. Vikishindikana, vitandiko vinauzwa seti na si ghali kama shingo.

Kukwaruza kwa volyumu mara nyingi ni vumbi na kutu ndani, dawa ya kusafishia swichi za umeme inatosha. Kinachotaka kipimo ni pikapu. Waya wake ni mwembamba kuliko unywele, na unyevu wenye chumvi ukiupata unakatika bila alama yoyote ya nje. Chomeka kebo kwenye gitaa, volyumu ifungue yote, weka multimita kwenye ncha mbili za upande wa pili wa kebo, uhamishe swichi. Kila pikapu peke yake ikisoma kilo-ohimu 5 hadi 7, ni nzima. Mita isiposoma kabisa, au ikionyesha tarakimu kubwa mno, huenda waya wa pikapu umekatika. Halafu chomeka kwenye amplifaya. Muungurumo kidogo ni tabia ya pikapu za aina hii. Ukigusa nyuzi ukapungua, waya wa ardhi uko sawa. Ukiongezeka, ardhi imekatika au waya za jeki zimegeuzwa, na hilo lisipigwe kwenye jenereta ya harusi kabla halijarekebishwa.

Umenisoma kirefu hapa kwa sababu gitaa lililotumika linanunuliwa kwa macho na mikono. Ukilinunua kwa heshima peke yake, hofu yako ya kunung'unika ina msingi.

Tuje kwenye oda. Kutengenezewa gitaa ni kama kushonesha suti kwa fundi asiyekuona: kila kitu kinategemea vipimo unavyompelekea. Ile fomu inakuuliza unene wa shingo kwenye freti ya kwanza na ya 12. Je, unavyo? Shingo ya milimita 21 na ya 23 ukiziona ni moja, ukizishika ni mbili tofauti kabisa. Ukijaza kwa kukisia, karakana itakutengenezea kwa uaminifu hicho ulichokisia, na wala hutakuwa na la kudai. Kalipa ya plastiki, kile kifaa cha kupimia unene, inatosha kupima kila gitaa utakaloliazima, na ukiandika vipimo vya lile mkono wako ulilolipenda, oda inaanza kuwa na maana. Hapo gitaa la mzee lina faida hata usiponunua.

Kuhusu mbao, naielewa fahari yako. Mpingo wa kusini unatengenezewa klarineti na obo duniani, na kwenye ubao wa freti ni mgumu, laini kwa kidole, hauliki upesi. Mninga nao ni mbao tulivu, haichezichezi ikishakauka. Lakini kwenye gitaa la umeme pikapu inasikiliza mtetemo wa uzi wa chuma kwa sumaku. Aina ya pikapu, kimo chake na kifaa unachochomekea vinabadilisha sauti kuliko mbao. Jaribu kuishusha pikapu kwa nusu milimita tu, utasikia. Waulize pia karakana kama mpingo wanao kweli, na umekauka kwa muda gani, maana hukauka polepole sana na ukiharakishwa hupasuka. Kama wazo lako lilikuwa kuwapelekea kipande kutoka huku, fahamu kwamba mpingo uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017. Ala zilizokamilika zilisamehewa mwishoni mwa 2019, mbao ghafi hazikusamehewa. Utahitaji vibali.

Kuna hili la hewa pia. Karakana nyingi hukausha mbao hadi unyevu wa asilimia 6 hadi 8. Gitaa likifika Mtwara wakati wa masika litavuta unyevu na shingo itasogea, hata kama limetengenezwa kwa ustadi. Lipe wiki tatu au nne, kisha rekebisha fimbo ya shingo, na usiogope. La mzee limeshazoea hewa hii, lilichotaka kupinda limeshapinda.

Hesabu nayo uitazame mkiwa wawili. Ushuru wa forodha hukokotolewa kwenye bei pamoja na bima na usafiri, na VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya hayo yote. VAT ya 3,600,000 peke yake ni 648,000. Umeshavuka 3,900,000 kabla ya nauli, kabla ya ushuru, kabla ya wakala. Na shamba la Nanguruwe litataka palizi na salfa kabla ya mnada mwingine. Mke wako alipokwambia uchukue zote, alikuwa na hesabu hii mbele yake? Ukiendelea na oda, pata kwa maandishi vipimo vyote, picha za kila hatua, tarehe, na nani analipa usafiri gitaa likirudi na kasoro. Dhamana isiyosema hivyo itakugharimu safari nzima ya mzigo. Ujue pia kwamba la oda ukitaka kuliuza kesho, utamtafuta mtu mwenye mkono kama wako.

Na upo uwezekano ambao hukuutaja: kulitengeneza ulilonalo, mfupa mpya, kiboksi cha DI, nyuzi nzuri, na kungoja msimu mmoja ukijifunza mkono wako unataka nini. Ubaya wake ni kwamba huenda mzee asiweze kungoja msimu mzima, na unaweza kulikosa lake.

Hilo la kumwambia "nimeshalipa kwingine" nafsi yako imeshalijibu, mimi siongezi.

Mpigie simu wiki hii hata kama hujaamua. Mwambie fedha imepatikana, unatafakari, na unaomba siku ya kwenda Lindi mlitazame pamoja. Mwulize alikuwa anafunga nyuzi za unene wa namba gani, 09 au 10, ubebe seti mpya ya namba hiyohiyo. Nyuzi zenye kutu zitakudanganya kwenye kipimo cha freti ya 12, na ukifunga nzito kuliko zilizokuwepo, zitavuta shingo na kuinua daraja, ulaumu gitaa kwa kosa la nyuzi.